Karakana ya useremala Keko: hapa kijana anafundishwa kweli

Mpwa wangu anajifunza useremala kwenye karakana moja hapa Keko, Dar es Salaam. Fundi wake nampa nyota nne kati ya tano. Kwingine kijana hufagia vumbi na kutumwa chai mwaka mzima. Huyu alimshikisha randa na patasi mapema, akamwonyesha nyuzi za mninga zinavyokwenda kabla ya kuukata. Kiungo kikilegea wanakifumua na kurudia pamoja. Nauli ya daladala anampa pia.

Nyota moja nimeizuia: makubaliano ni ya mdomo tu, na kwenye msumeno wa umeme hakuna barakoa wala miwani. Fundi, tafadhali, tuandikiane muda wa mafunzo, kisha umruhusu akapimwe VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, maana wanarasimisha ujuzi wa mtaani na kutoa cheti.