TAHADHARI: AdBlue ya madumu ya mitaani, njia ya Mbeya hadi Tunduma

Ndugu madereva, wenye malori na wasimamizi wa magari mnaotumia barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, kuna watu wanapita kwenye maegesho ya malori wakiuza AdBlue, yale maji ya urea yanayosafisha moshi wa malori ya dizeli, waliyoichanganya wenyewe. Wanauza mbolea na maji ndani ya madumu ya kampuni zinazojulikana, na magari yanaharibika vibaya. Mimi ni fundi wa magari makubwa hapa Mbeya. Haya ninayowaambia nimeyakuta ndani ya matangi, ndani ya pampu na kwenye nozeli za watu ninaofahamiana nao, wengine wakiwa na lori moja tu ambalo mkopo wake bado haujaisha.

Wanakuja jioni, wakati dereva ameshaegesha na anatafuta chakula. Mara nyingi ni wawili, na guta au bajaji iliyojaa madumu ya lita 20. Dumu ni halisi kabisa, nembo ni halisi, maana limeokotwa au limenunuliwa tupu kwenye gereji na kuoshwa. Kilichobadilika ni kifuniko na kile kilichomo. Maelezo yao huwa yamepangwa: mzigo umebaki kutoka kampuni ya migodini, au shemeji yake anafanya kazi stoo, au kontena limechelewa bandarini wakaamua kuuza haraka. Bei ni kama nusu ya ile ya dukani. Risiti hakuna. Pesa inatumwa kwa simu, na jina linalotokea siyo la mtu aliyesimama mbele yako.

Halafu wanakufanyia jaribio. Wanadondosha tone kwenye chuma cha moto, linakauka, linabaki jeupe, wanakwambia, "Umeona mwenyewe kaka, hii ni orijino." Jaribio hilo halithibitishi chochote. Weupe unaobaki ni urea, na urea imo kwenye AdBlue halali na imo vilevile kwenye mfuko wa mbolea ya kukuzia mahindi. Tone la halali na tone la bandia yote yatakauka meupe. Wengine hutia rangi ya samawati ili ionekane inalingana na jina na kifuniko cha tangi. AdBlue halali haina rangi, ni angavu kama maji safi. Ukiona ya samawati, ya manjano au yenye ukungu, usiiweke.

Dereva mmoja, kijana ninayemheshimu sana kwa utunzaji wa gari, alijaziwa na watu hao akiwa na mzigo wa Lubumbashi. Taa ya onyo iliwaka alipokwisha kuvuka Nakonde, upande wa Zambia. Baadaye lori likapunguza nguvu lenyewe, likawa linapanda vilima kwa mwendo wa mtu anayetembea, na mwishowe likarudishwa kwa kuvutwa. Tulipofungua tangi la AdBlue tulikuta tope la kijivu chini, kichujio kimeziba, na nozeli imejaa mawe meupe magumu. Mwenye gari alinunua pampu na nozeli, na kichocheo, kile kifaa cha eksozi kinachosafisha moshi, bado hatuna hakika nacho. Alipompigia muuzaji, simu ilikuwa imezimwa. Gari ambalo lingekosa nguvu namna hiyo likiwa na shehena katikati ya mlima Kitonga, na malori mengine nyuma yake, sitaki kulifikiria.

Sasa naomba mnivumilie, maana bila kuelewa maji haya yanafanya nini mtu ataendelea kusema "urea ni urea".

Malori mengi ya Ulaya ya Euro 5 na Euro 6, yaani viwango vya usafi wa moshi, yana tangi la pili, dogo, lenye kifuniko cha samawati. Maji yake hayaingii kwenye injini hata kidogo. Yanapuliziwa kwenye moshi wa moto baada ya kutoka kwenye injini. Joto linaivunja urea kuwa amonia, na amonia hiyo ikifika kwenye kichocheo kilichomo ndani ya sanduku la eksozi inakutana na oksidi za nitrojeni, zile gesi zinazochoma mapafu, na kuzigeuza kuwa nitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji. Lori la Euro 5 hutumia takriban lita 4 hadi 6 za AdBlue kwa kila lita 100 za dizeli. Kwa safari ndefu ni madumu, na ndiyo maana biashara hii inawavutia matapeli.

Kiwango cha kimataifa kinaitwa ISO 22241. Kinataka urea asilimia 32.5 kwa uzito, na sehemu iliyobaki iwe maji yaliyoondolewa madini. Ukali wa kiwango hicho uko kwenye uchafu: kalsiamu isizidi miligramu 0.5 kwa kilo, chuma 0.5, fosfeti 0.5, shaba 0.2, zinki 0.2. Maji ya kisima mara nyingi hubeba makumi ya miligramu za kalsiamu kwa lita moja, na wanaoishi Dodoma na Singida wanajua chumvi ya visima vyao bila kupimiwa. Mbolea nayo ina biureti, uchafu unaotokana na urea yenyewe, nyingi kuliko asilimia 0.3 inayoruhusiwa, na punje zake mara nyingi hutiwa dawa ya kuzuia kugandana, kwa kawaida yenye asili ya fomaldehaidi. Shambani hayo yote hayana tatizo, mahindi yanakubali. Ndani ya kichocheo madini hayo hayaungui wala hayatoki. Yanabaki yameganda juu ya uso wake, safari baada ya safari, mpaka kinakufa. Pampu na nozeli unaweza kuzisafisha. Kichocheo kilichotiwa sumu ya madini kwa kawaida hakirudi.

Hesabu ya tapeli ni nyepesi. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50, ukichanganywa kwa kipimo hicho, unatoa lita kama 140, yaani madumu saba. Na mbolea yenyewe kwa wakulima ina ruzuku ya serikali tangu msimu wa 2022/23. Kwa hiyo huenda kilichokusudiwa kumsaidia mkulima wa Mbozi ndicho kinachoua lori lako.

Kuna jambo linalowapoteza hata wasimamizi wenye uzoefu. Wamenunua refraktomita, kile kifaa cha kuchungulia kwa jicho, wanaweka tone, linasoma 32.5, wanaridhika. Kifaa hicho ni kizuri na ninashauri kila kampuni iwe nacho, lakini kinapima kiasi cha urea tu. Kitamkamata aliyezidisha maji. Hakiwezi kumkamata aliyepima mbolea yake vizuri kwa mizani, kwa sababu miligramu chache za kalsiamu au zinki hazionekani humo. Matapeli wa sasa wanapima kwa mizani. Ukaguzi wa madini unafanyika maabara, na dereva aliyesimama kando ya barabara hana maabara. Kwa hiyo kinachobaki kumlinda ni mahali anaponunua.

Nunueni kwenye kituo cha mafuta chenye pampu yake ya AdBlue, au kwa wakala anayetoa risiti ya EFD ambayo unaweza kuihakiki TRA. Dumu liwe na lakiri isiyovunjwa, namba ya toleo na tarehe ya kutengenezwa, na jina la kiwango ISO 22241. Angalia shingo ya kifuniko kwa makini: pete iliyobandikwa gundi, mikwaruzo, namba iliyofutwa kwa spiriti. Fungua na unuse. Harufu iwe hafifu. Ikikuchoma pua kama amonia ya saluni, imepikwa na jua au imezeeka. Na kuna dalili moja ambayo si watu wengi wanaijua: urea inapoyeyuka hunyonya joto, kwa hiyo dumu lililochanganywa muda si mrefu linaweza kuwa baridi mkononi hata kama liko juani juu ya guta. Ukigusa dumu la namna hiyo mchana wa joto, ondoka.

Ukishajaza na una shaka, usiwashe gari. Hata kufungulia swichi tu kunaweza kuamsha pampu ikavuta maji hayo kwenye mirija yote. Mwite fundi atoe tangi, alimwage kwenye chombo, alisuuze kwa maji yasiyo na madini kisha kwa AdBlue halali kidogo. Msisuuze kwa maji ya bomba, mtakuwa mnarudisha uchafu uleule. Kama umeshatembea nalo, kichujio kibadilishwe na nozeli ifunguliwe ikaguliwe. Fundi akikwambia "tuzime tu mfumo", yaani akufungie kifaa cha kuidanganya kompyuta ya gari, ujue anakuuzia tatizo lingine. Moshi mchafu unabaki kwa watoto wa pale unapoegesha, na kompyuta iliyochezewa inaficha hata hitilafu za kweli.

Makosa ya kujazia matangi nayo ni mengi na hayahusiani na matapeli. Dizeli ikiingia kwenye tangi la AdBlue, hata kidogo, inaelea juu na kuharibu mipira ya pampu na sensa. AdBlue ikiingia kwenye tangi la dizeli ni mbaya zaidi, inakula chuma na kuganda kwenye pampu ya shinikizo na injekta. Nozeli ya AdBlue ya kituoni ina kipenyo cha milimita 19, nyembamba kuliko ya dizeli, ili zisichanganyike, lakini kwenye dumu na faneli hakuna ulinzi huo. Utingo aelekezwe kabla hajashika dumu.

Kwenye kuhifadhi, adui ni jua na madini. Ikiwekwa kwenye nyuzi 25 inadumu miezi kama 18, kwenye nyuzi 30 mwaka mmoja, kwenye nyuzi 35 miezi sita. Stoo ya mabati ya Chalinze au Morogoro mwezi wa pili hupita hapo kirahisi, kwa hiyo hata AdBlue halali inaweza kuharibikia kwa muuzaji mwaminifu asiyejua. Tumieni plastiki ya polithini ngumu au chuma kisichoshika kutu. Msitumie ndoo ya bati, koki ya shaba, faneli ya alumini, wala dumu lililokuwa na mafuta ya kula au dizeli hata likioshwa kwa sabuni. Weupe unaoganda nje ya kifuniko cha tangi usiwatishe, ni urea iliyokauka, futeni kwa kitambaa na maji. Lakini futeni kabla ya kufungua, ili vumbi lisidondokee ndani.

Kwa mwili, AdBlue si hatari kubwa. Ikikugusa nawa, ikiingia machoni suuza kwa maji mengi, mtu akiimeza asukutue mdomo, anywe maji na aende hospitali. Msiiweke kwenye chupa ya maji ya kunywa, naomba sana, kwenye kibanda cha dereva chupa zote zinafanana. Na mnapomwaga iliyoharibika, msimwage chini pale maegeshoni. Urea ni sumu kwa ng'ombe na mbuzi, matumbo yao huigeuza amonia haraka na mnyama anaweza kufa. Wafugaji wanapitisha mifugo hapo hapo asubuhi, na mnyama hulamba kitu chenye chumvichumvi.

Wauzaji hawa wanahama. Wakisikika Makambako wiki hii, wiki ijayo wako Vwawa. Mkiwaona msipigane nao. Pigeni picha ya dumu, ya guta na namba yake, andikeni namba ya simu iliyopokea pesa na jina lililotokea. Bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, na ubora na Shirika la Viwango, TBS. Kwa wenzetu wa Kenya pelekeni KEBS, shirika la viwango la huko. Na kabla ya kumwaga tangi lenye shaka, chukueni nusu lita kwenye chupa safi ya plastiki mliyoisuuza kwa AdBlue hiyohiyo, ifungeni, iandikeni tarehe, mahali na namba ya gari, iwekeni kivulini. Mpaka sasa kila aliyefika kwetu alikuwa ameshamwaga yote na kutupa dumu, na bila sampuli maabara haina cha kupima. Wenye sampuli na walio tayari kutoa maelezo kwa majina yao wapite gereji, tutazikusanya na kwenda nazo pamoja ofisi ya TBS ya kanda.