Uzoefu wangu: upasuaji wa neva ya mkono Kampala, nikiwa fundi cherehani

Nianze na alama, ili mwenye haraka aondoke nazo. Upasuaji wenyewe: 5 kati ya 5. Maandalizi kabla yake: 3. Huduma ya baadaye: 3, na asingekuwepo yule dada wa mazoezi ya viungo ningewapa 1. Hospitali ni ya binafsi, ipo hapahapa Kampala, na jina lake silitaji kwa sababu nina malalamiko. Mnaonifahamu pale Kiyembe njooni mniulize ana kwa ana.

Ugonjwa wenyewe ni neva kubanwa kwenye kifundo cha mkono. Kwenye karatasi zao wameuandika "carpal tunnel syndrome". Fundi mwenzangu atauelewa upesi: ni kama njia ya lastiki iliyoshonwa nyembamba, kisha ikapitishiwa kamba 10. Kamba 9 ni kano zinazokunja vidole, ya 10 ni neva. Kano zikivimba kidogo tu, anayeumia ni neva, maana yeye ndiye laini kuliko wenzake. Daktari wa upasuaji haikati neva wala haiondoi. Anafumua lile paa la njia ili kila kilichomo kipate nafasi.

Dalili zangu zilikuwa zile za vitabuni. Dole gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete vilikufa ganzi, huku kidole cha mwisho kikiwa kizima kabisa, kwa sababu hicho kinalishwa na neva nyingine inayopita kwingine. Usiku ndiyo balaa. Unaamka mkono unawaka moto, unaukung'uta kama mtu aliyemwagikiwa na maji, unalala, unaamka tena. Mtaani niliambiwa ni baridi yabisi, ni presha, ni jicho la mtu. Jirani mmoja aliniuzia mafuta ya kuchua yaliyonuka karafuu mpaka vitambaa vya wateja vikanuka. Ugonjwa huu huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na kisukari, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri au ujauzito huongeza uwezekano wake, kwa hiyo kabla ya lolote walinipima damu. Sukari ilikuwa sawa.

Gango la kuvaa usiku lilinisaidia kwa muda. Kwa wanaouliza kuhusu gango: kazi yake ni kukinyoosha kifundo kisikunjike ukiwa usingizini, basi. La duka la dawa lenye kibati cha alumini ndani linatosha, ila likunjue kile kibati kwanza, mengi huja yamepinda kwenda juu. Sindano ya steroidi nayo ilinipa raha ya muda, kisha mambo yakarudi palepale. Kilichonitisha hasa ni kwamba vidole vilikuwa haviihisi sindano ya kushonea. Nashika, nadhani nimeshika, kumbe imeanguka. Na ile nyama nene iliyo chini ya dole gumba ilikuwa imeanza kunywea. Daktari aliibonyeza, akailinganisha na ya mkono wa kushoto, akasema, "Mama, hapa hatungoji tena, misuli ikishakufa upasuaji hauirudishi." Huyo nilimpenda kwa sababu hakuzunguka.

Kabla ya kukata walinifanyia kipimo cha umeme wa neva. Wanakupiga shoti ndogondogo kuona ujumbe unapita kwa kasi gani kwenye kifundo. Hauumi sana, unakereka. Mvua ilikuwa imeninyeshea nikiwa kwenye boda, mikono baridi, na mpimaji akakataa kuanza mpaka niipashe joto kwanza, kwa sababu mkono wa baridi hupitisha ujumbe polepole na majibu yanaweza kudanganya. Kwa hilo tu nikajua nipo mikononi mwa mtu anayeijua kazi yake.

Sasa maandalizi, ambako walipoteza alama. Mwanamke wa mapokezi aliniambia nisile chochote tangu usiku. Daktari alikuwa ameniambia ni ganzi ya mkono tu, nile na nimeze dawa zangu kama kawaida. Nilipopiga simu kuuliza nimfuate nani, nikajibiwa na mtu wa tatu mwenye maelezo yake. Mwishowe nilimfuata daktari, nikala katogo yangu asubuhi, na hakuna aliyenung'unika. Tena hakuna aliyenionya kuhusu hina. Nilikuwa nimetoka harusini, kucha nyeusi tii. Kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni hufanya kazi kwa mwanga, na hina nyeusi huweza kukichanganya. Muuguzi alicheka, akakibana sikioni. Pete, bangili na saa acheni nyumbani. Vidole huvimba baadaye na pete haitoki.

Gharama. Jumla yake ilizidi bei ya cherehani ya umeme ya Juki niliyokuwa naitamani, na bima sina. Hospitali za serikali huduma ni ya bure tangu 2001, ukiacha wodi za kulipia, lakini mkono unaonywea haukuniruhusu kusimama kwenye foleni ile. Ugomvi wangu si bei. Ni kwamba makadirio waliyonipa kwa mdomo hayakuhesabu kubadilishiwa bendeji wala kutolewa nyuzi. Hivyo nililipia baadaye, kimojakimoja. Na siku ya kulipa mtandao wa dirisha lao ulikuwa umelala, ikabidi pesa alizonitumia kaka yangu kutoka Busia nizitoe kwa wakala nje ya geti, nikakatwa ada pamoja na ile kodi ya asilimia 0.5 ya kutoa pesa kwenye simu. Anayelipia upasuaji kwa mchango wa ukoo anajua uchungu wa makato hayo.

Nyumbani nilijiandaa mwenyewe na hapo sina wa kumlaumu wala wa kumshukuru ila wifi yangu. Tulinunua ndoo yenye koki, kwa sababu kuinua jagi na kujimwagia kwa mkono mmoja ni sarakasi. Madera yalipangwa mbele, nguo za vifungo zikawekwa kando. Sidiria za kufunga nyuma, sahau. Maharage yalichemshwa mengi. Matoke sikuyawaza hata kidogo. Kumenya kunataka mikono miwili na kisu, na wifi ndiye aliyekuja kumenya, akiongea bila kupumua.

Chumba cha upasuaji sasa. Wanakufunga mkanda wa hewa juu ya mkono, kama ule wa presha, wanaujaza ili damu isimiminike wanapofanya kazi. Watu wanaogopa kisu, mimi nasema ogopeni ule mkanda. Sindano ya ganzi kiganjani inauma kweli, inachoma kwa muda mfupi, halafu husikii kitu zaidi ya kuvutwavutwa. Mkanda ndio unaokukaza meno. Bahati nzuri kazi yenyewe ni fupi, kiasi cha dakika 20. Nilikuwa macho, kitambaa kimenikinga nisione, na daktari alikuwa akinieleza kila hatua.

Kisha nikaomba kuona mshono kabla hawajaufunga. Samahani, ni kazi yangu. Nyuzi za nailoni, nyeusi, kila fundo peke yake, nafasi kati yake sawasawa, hazikukazwa hadi ngozi kukunjamana. Kidonda kama sentimita 3 tangu chini ya kiganja. Nimewafukuza wanafunzi wangu wa cherehani kwa mishono mibaya kuliko ule, na sijawahi kumsifu mmoja wao kwa mshono mzuri kama ule. Hapo ndipo 5 kati ya 5 zilipotoka.

Nilirudi nyumbani siku hiyohiyo, kwa gari, mkono umeinuliwa kifuani. Msithubutu kupanda boda. Ukishtuka utajishika kwa mkono uleule. Siku 2 au 3 za mwanzo mkono ukae juu ya usawa wa moyo, na vidole vianze kukunjwa na kukunjuliwa palepale, hata kama hutaki. Paracetamol na ibuprofen zilinitosha. Shangazi alinifuata kliniki kudai niandikiwe antibiotiki, "ameachwa hivihivi mtoto wetu." Daktari akamwambia kwa adabu kwamba kidonda safi cha kiganja hakihitaji, na akikiona chekundu kinachotoa usaha anilete mbio. Shangazi hakuridhika mpaka leo.

Bendeji isilowe. Kuoga nilivaa kavera, yaani mfuko wa plastiki, iliyofungwa kwa lastiki, na ndiyo siku pekee nilizozishukuru kavera ambazo kila mtu anatuambia zimepigwa marufuku. Kwa udhu nilimuuliza sheikhe wa msikiti wetu: viungo vingine unaviosha, juu ya bendeji unapangusa kwa mkono uliolowa. Hilo lilinipa amani. Kusujudu ndiko kulikonishinda. Hata nyuzi zilipotolewa, uzito wa mwili kwenye kiganja uliniingia kama msumari, nikawa naswali kwenye kiti kwa muda mrefu kuliko nilivyotazamia.

Maumivu hayo ndiyo ambayo hospitali haikuniambia, na ndiyo sababu ya kuandika haya. Paa la ile njia likishafumuliwa, pande mbili za chini ya kiganja huuma ukibonyeza au ukiegemea, na hali hiyo huweza kudumu wiki kadhaa hadi miezi. Ni kawaida. Mimi sikujua, nikadhani wameniharibu. Vilevile mambo hayarudi kwa pamoja. Moto wa usiku ulizimika karibu mara moja, nikalala usingizi niliokuwa nimeusahau. Nguvu za mkono zilishuka kwanza, chini kuliko kabla ya kukatwa, ndipo zikaanza kupanda. Zinaweza kuchukua miezi 3 au zaidi. Ganzi ya ncha za vidole ndiyo inayokawia kuliko vyote, na iliyokaa muda mrefu inaweza isiishe kabisa. Ukiupima upasuaji huu kwa kukamua nguo au kusonga posho (ugali) wiki ya nne, utatoa nyota 1 na utakuwa umeonea watu.

Karatasi ya maelekezo waliyonipa ilikuwa ya Kiingereza, na ilikuwa na makundi mawili: kazi ya ofisini na kazi nzito. Mimi niko wapi humo? Mkasi wangu wa kukatia suti una uzito wa tofali. Nilipomwonyesha yule dada wa mazoezi, aliushika, akaufungua na kuufunga mara kadhaa, akaniambia: kuendesha cherehani na kuingiza uzi unaweza sasa, mkasi huu usiuguse mpaka nikuambie. Akanionyesha kukiburuza kidole juu ya kovu kwa mafuta ya nazi, kila siku, ili lisigandamane na nyama ya chini. Hii ni baada ya kidonda kufunga kabisa, si kabla. Kukata vitambaa nilimwachia mwanafunzi, nguo mbili za gomesi zikaharibika, nikawalipa wenyewe.

Leo sindano naihisi. Kidole cha kati bado kina uzito fulani kwenye ncha, kama nimevaa subana, lakini uzi naupitisha tunduni bila miwani ya jirani wala msaada wa mtu. Mkono wa kushoto nao umeanza, taratibu, na nimeupangia baada ya msimu wa Idi, kazi zikipungua. Daktari yuleyule, hospitali ileile. Safari hii makadirio nataka yaandikwe, bendeji na kutoa nyuzi vikiwemo, yapigwe na muhuri, ndipo nitaivua bangili.