Kibanda cha Wandegeya: nenda na pilipili yako

Kibanda hiki cha chakula hakina bango. Kipo Wandegeya hapa Kampala, nyuma ya soko. Fuata moshi wa mkaa. Siku ya kwanza, mie mtu wa Tanga, naulizwa, "Posho?" Nikacheka. Kwetu posho hulipwa mtumishi akisafiri kikazi. Kumbe ndiyo ugali! Nikaagiza nyama, ukaja mlima: matoke, ugali, wali, kipande cha boga, na nyama vipande vitatu vimejificha chini. Hapa unalipia mchuzi tu, yaani kitoweo. Hayo mengine ndiyo "emmere", chakula chenyewe, yanakuja nao. Shilingi 8,000, na nilibakiza.

Binti wa kuhudumu alipiga goti: "Gyebale ko, nnyabo," yaani pole na kazi, mama. Nikababaika, nusura nimwinue. Siku hizi najibu "kale", yaani haya, bila kigugumizi. Kiswahili changu mama mwenye kibanda hakipendi sana, anasema kinamkumbusha askari wa zamani, ila kunisahihisha Kiganda hachoki.

Matoke yanatoka kwenye majani ya mgomba yakifuka mvuke, laini, na mchuzi wa karanga juu yake… huo naurudia. Chumvi haba, pilipili hamna kabisa. Yangu natembea nayo mkobani.