Darasa la hesabu la watoto wenye vipaji, na sifuri ya mbuzi 13

Nyota moja. Kungekuwa na nusu ningeweka nusu.

Mimi ni mwanajeshi mstaafu, naishi Bugembe, kitongoji cha Jinja, Uganda. Kitinda mimba wangu yuko darasa la sita katika shule ya serikali, hizi za UPE, elimu ya msingi bila ada. Darasani kwao wamebanana hadi mwalimu akiuliza swali, wa nyuma wanapata mwangwi tu. Lakini mtoto huyu ana kichwa. Sisemi kwa sababu ni wangu. Wakubwa zake wanne nao ni wangu na sijawahi kusema hivyo juu yao.

Muhula uliopita shule ikaleta karatasi: darasa la hesabu la kasi, kila Jumamosi mjini, kwa watoto wenye vipaji wa shule za serikali tu. Nikalipa ada ya muhula mzima papo hapo, pensheni ikiwa bado ina joto. Kilichonivuta ni maneno ya nyuma ya karatasi, kwamba wanafuata nyayo za Profesa Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, aliyeanza mwaka 1971 kuwasaka watoto wenye akili ya hesabu. Nikamwuliza kijana wa jirani anayesoma chuo. Akaniambia profesa yule alikuwa akiwapa watoto wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, mtihani wa SAT, ule wanaofanya vijana wa Marekani wanaotaka kuingia chuo kikuu. Mengi ya mle hawajafundishwa bado. Kwa hiyo mtoto akipata, hakukariri, amejikatia njia mwenyewe porini. Nikasema basi, hapa ndipo pa mwanangu.

Wiki za mwanzo sina neno. Anakwenda, anarudi, anakula.

Halafu likaja jaribio. Swali mojawapo: mkulima ana kuku na mbuzi, vichwa 30, miguu 86, mbuzi ni wangapi? Wakubwa hapo huandika x, huandika y, jasho linawatoka. Wangu hajafika huko. Karatasi ninayo hapa mezani, ina doa la chai. Ameandika kwamba tuwaamuru mbuzi wote wasimame kwa miguu ya nyuma. Sasa kila kichwa kina miguu miwili chini, jumla 60. Iliyobaki, 26, iko hewani, na kila mbuzi ameinua miwili. Basi mbuzi ni 13 na kuku 17. Pembeni amemchora mbuzi mmoja amesimama wima, anapiga saluti.

Sifuri. Wino mwekundu, na chini yake: njia iko wapi?

Nilihesabu mwenyewe kwa vijiti vya kiberiti sakafuni. Mbuzi 13, kuku 17. Nikahesabu tena.

Jumamosi iliyofuata nikaingia ofisini kwa bwana anayesimamia. Hakuinuka. Hakusalimia. Mtu mzima amesimama mbele yako umri wa baba yako, na wewe kidole kiko kwenye simu! Nikaweka karatasi mezani, nikaeleza kwa upole kabisa. Akanijibu kwa Kiingereza. Nikaendelea na Kiswahili changu, lugha niliyokulia kazini. Ndipo akanitazama.

“Mzee, hapa si kambini.”

Miaka zaidi ya ishirini jeshini nimetukanwa na watu waliosomea kutukana, wala sikuwahi kukosa usingizi. Hili la kijana wa tai fupi limenikaa kooni mpaka leo. Akaongeza kwamba wao wanaandaa watoto wapate agregeti 4, yaani alama ya juu kabisa katika masomo yote manne, kwenye PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na msahihishaji hana muda wa hadithi za mbuzi. Nikamwuliza, na yule profesa wenu wa nyuma ya karatasi? Akasema hiyo karatasi iliandikwa na watu wa matangazo.

Basi ndiyo kasi yenyewe. Kitabu cha darasa la saba kinafunguliwa mtoto akiwa la sita, mitihani ya zamani inamezwa mmoja baada ya mwingine, na anayefikiri anapigwa sifuri. Kukariri angekariri hata shuleni kwake, bure. Wazazi, hela zenu nunueni daftari.

Hapo nilitaka kuishia. Ila haki ni haki.

Tukiwa getini (askari wa pale naye ni mstaafu, aliniita afande, na huo ndio ukarimu pekee niliopata siku hiyo), akatukimbilia mwalimu msaidizi, binti mdogo tu. Akaomba kuiona karatasi. Alipofika kwa mbuzi wa saluti alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akachuchumaa mbele ya mwanangu. “Haya, leo uani kuna kuku, mbuzi na vigoda vya miguu mitatu. Vyote pamoja ni 10, miguu ni 29. Niambie.” Akasimama, akarudi ndani. Hata sikupata kumwuliza jina.

Njia nzima juu ya boda mtoto hakusema neno. Vidole vyake vilikuwa vinahesabu mgongoni kwangu. Chakula kikapoa. Usiku, umeme umeshakatika, akaja kuniamsha.

“Baba, majibu ni matano.”

Nikamwambia swali moja lina jibu moja, lala. Akawasha tochi ya simu yangu akanionyesha yote matano, moja moja. La kwanza kuku 1, vigoda 9, mbuzi hakuna. La mwisho kuku 5, mbuzi 4, kigoda 1. Nikarudi kwenye vijiti vyangu. Kweli tupu.

Sasa niweke nyota ngapi? Ofisi nawapa sifuri, kwa wino mwekundu. Yule binti nampa zote. Mtoto anataka Jumamosi akamwulize kama ni lazima mbuzi wawepo, kwa sababu wakiwa lazima, majibu yanabaki manne. Nitampeleka. Mimi nitakaa getini na mstaafu mwenzangu, na bwana yule akipita, asinisalimie vilevile.