Walimu wa Kike wa Filamu za Zamani katika Ukumbi wa Shangani, Mtwara

Mwezi uliopita, ukumbi mdogo wa filamu ulioko Shangani, mjini Mtwara, ulitenga jioni zake za Jumamosi kwa ajili ya filamu za zamani zinazomhusu mwalimu wa kike. Kiingilio kilikuwa shilingi 2,000, na kwa bei hiyo mteja alipata kiti cha plastiki, filamu nzima isiyokatwa, na mfasiri aliyeketi kando ya skrini na kipaza sauti akieleza kwa Kiswahili yanayosemwa. Mji huu una vyuo vya ualimu na wanachuo wengi wanaojiandaa kwenda kufundisha Newala, Tandahimba na Nanyumbu, kwa hiyo huduma ya namna hii inafaa kuliko vibanda vinavyorudia filamu za mapigano wiki nzima. Hata hivyo ina kasoro zake, na iliyo kubwa kuliko zote imo katika kipaza sauti hicho.

Sifa ya kwanza impate aliyepanga filamu zenyewe. Alianza na The Corn Is Green ya mwaka 1945, ambamo Bette Davis anaigiza Miss Moffat, mwanamke wa Kiingereza anayefungua shule katika kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales. Anamfundisha kijana mmoja wa mgodini hadi anapata nafasi ya kusoma Oxford, na inapojulikana kwamba kijana amezaa na binti mmoja, mwalimu anajitolea kumlea mtoto huyo yeye mwenyewe ili mwanafunzi wake aende chuoni. Ikafuata Good Morning, Miss Dove ya 1955. Humo Jennifer Jones ni mwalimu wa jiografia aliyekataa kuolewa ili alipe deni ambalo marehemu baba yake aliliacha benki, akazeeka darasani, na anapougua mji mzima unakusanyika kumsubiri apone. Kila moja kwa nafasi yake inaweza kumliza mtu. Zikitazamwa kwa kufuatana, mtazamaji anaanza kuona kwamba mwalimu huyu anapendwa kwa sharti moja tu, kwamba asiwe na nyumba yake ya kurudi.

Sharti hilo halikubuniwa na watu wa filamu. Katika Uingereza na Wales, mwalimu wa kike aliweza kuondolewa kazini kwa sababu tu ameolewa, hadi sheria ya elimu ya mwaka 1944 ilipokataza jambo hilo, na bodi nyingi za shule nchini Marekani zilikuwa na kanuni iliyofanana nayo. Filamu ziliichukua kanuni ya ajira zikaifanya ionekane kuwa utakatifu wa hiari. Kwa mtazamaji wa Kusini jambo hili lina ugeni wake, kwa kuwa mwanamke anayeheshimiwa sana huku kwetu kwa kufundisha ni kungwi wa unyago, na ni mzazi gani angemkabidhi binti yake kungwi asiyeijua ndoa wala uzazi? Ndiyo maana kina mama wa safu ya nyuma walicheka pale Miss Dove alipomkataa mchumba wake, wala sidhani kwamba walikosa adabu.

The King and I ya 1956 naipita haraka. Magauni na nyimbo vimezidi ufundishaji, na Thailand, ambako kisa kimewekwa, iliipiga marufuku.

Kasoro niliyoitaja ilidhihirika katika The Prime of Miss Jean Brodie ya 1969, filamu iliyompatia Maggie Smith tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Jean Brodie anafundisha wasichana mjini Edinburgh katika miaka ya 1930. Ana wapenzi, anajisifu, anachagua wanafunzi wachache awe kama mungu wao mdogo, na anamtukuza Mussolini, dikteta wa Italia, mbele yao. Ni mwanamke mwenye akili, mwenye mvuto na mwenye madhara, yote kwa pamoja, na ugumu wa filamu umo katika kumfanya mtazamaji amkubali na kumwogopa kwa wakati mmoja. Mfasiri aliamua kumpa sauti nyembamba ya mwanamke mwenye kujishaua, akaongeza vijembe visivyokuwamo, na ukumbi ukaangua vicheko mfululizo. Kwa hiyo mmoja wa wanafunzi anapokufa akielekea vitani Hispania, baada ya kuchochewa na maneno ya mwalimu wake, watu waliendelea kutabasamu kwa dakika kadhaa bila kufahamu kilichotokea. Mfasiri huyo huyo alipowasemea wachimba makaa wa Wales alitumia sauti yake ya kila siku. Ufasiri wa vibandani una ucheshi wake na mimi ni miongoni mwa wanaoupenda, lakini hapa uliondoa jambo lenyewe lililotuleta.

Bright Road ya 1953 ilikuwa fupi, haifiki dakika 70, nayo iliwashangaza wengi kwa kuwa karibu waigizaji wote ni Wamarekani weusi. Dorothy Dandridge ni mwalimu mpya katika shule ya kijijini huko Alabama, na mkuu wake wa shule ni Harry Belafonte, ambaye wazee wa hapa wanamjua zaidi kwa wimbo wa Malaika aliourekodi pamoja na Miriam Makeba. Filamu ilitoka mwaka mmoja kabla Mahakama Kuu ya Marekani haijatamka kuwa ubaguzi wa rangi katika shule za umma ni kinyume cha katiba, na kuhusu ubaguzi huo haisemi karibu chochote. Huo ni udhaifu. Hata hivyo mwalimu wake anaruhusiwa kuwa kijana, kutojua la kufanya, na kushindwa na mtoto mmoja mkaidi kwa muda mrefu bila kuhukumiwa.

Jumamosi ya mwisho iliachiwa filamu ya Kijapani ya Keisuke Kinoshita, Twenty-Four Eyes ya 1954, na kwa hiyo peke yake ningelipa mara mbili. Hideko Takamine anaigiza Bi Oishi, anayewasili mwaka 1928 katika kijiji cha wavuvi kwenye kisiwa cha Shodoshima akiwa juu ya baiskeli na amevaa suti ya kizungu, jambo linalowafanya wanakijiji wamseme. Ana wanafunzi kumi na wawili. Anaolewa, anazaa, anaacha kazi kwa kuchoshwa na shule zinazowaandaa wavulana kuwa askari, anafiwa na mume vitani, kisha anarudi darasani baada ya vita. Hakuna aliyemtaka achague kati ya watoto wake na watoto wa wenzake, na uchungu wa filamu unatokana na kuwa na wote. Mwanafunzi aliyerudi kutoka vitani akiwa kipofu anaposhika picha ya zamani ya darasa na kuonyesha kwa kidole kila mmoja aliposimama, mfasiri alinyamaza kabisa, na hapo nilimheshimu.

Wenye ukumbi wakirudia mpango huu, wamkabidhi kipaza sauti mfasiri wa kike angalau kwa baadhi ya filamu, na wapunguze kiingilio kwa wanachuo wa ualimu, maana niliowaona walikuwa wachache mno. Chai ya tangawizi na korosho za kukaanga za mlangoni hazina dosari. Anayetaka kuisikia sauti ya mwigizaji mwenyewe akae mbele upande wa kulia, mbali na spika ya mfasiri, na afike kabla ya saa moja na nusu usiku kwa sababu viti havitoshi.