Kliniki ya kikundi kwa wajawazito Walatino hapa Houston: nyota 4 kati ya 5

Nyota nne nawapa kwa moyo mweupe kabisa na hiyo moja niliyoikata nitasema kwa nini. Naongelea ile kliniki ya kikundi ya wajawazito kwenye kituo kimoja cha afya huku kusini magharibi mwa Houston, upande wa Gulfton, ambako wengi wanaokuja ni Walatino, Wameksiko, Wahondurasi, Wasalvador, Waguatemala. Mi nilikuwa msindikizaji. Wifi yangu ni Mmeksiko, na kaka anapiga shifti za usiku kwa hiyo asubuhi anakuwa hoi, basi wifi akaniomba niwe naenda nae. Wanaruhusu kila mama aje na mtu wake mmoja, na mnakaa wote ndani kwenye duara, huachwi nje kwenye kiti unachezea simu.

Wanawakusanya akina mama ambao tarehe zao za kujifungua zinakaribiana, nane mpaka kumi na mbili hivi, na kila mkikutana ni kama masaa mawili badala ya zile dakika chache za daktari anayekuongelesha huku mkono uko kwenye kitasa. Mtindo wenyewe unaitwa CenteringPregnancy, uliasisiwa na mkunga Sharon Schindler Rising miaka ya 90, na siku hizi upo majimbo mengi ya Marekani. Ukifika unajipima mwenyewe presha, unapanda mwenyewe kwenye mizani, unaandika mwenyewe kwenye karatasi yako yenye grafu, halafu unasogea pale kona mkunga anakupima tumbo na kusikiliza mapigo ya mtoto, ukimaliza unarudi kwa wenzio.

Hili la kujiandikia uzito ndo limenikuna kuliko yote. Wifi alianzia kwenye ofisi moja ya daktari (siitaji) ambapo siku ya kwanza tu aliambiwa amenenepa apunguze tortilla (zile chapati zao nyembamba), basi, hamna namba, hamna maelezo, akarudi nyumbani analia na akawa anaruka chakula cha mchana, mjamzito jamani! Kwenye kikundi alikaa na mkunga wakapiga hesabu ya BMI yake (uzito ukilinganishwa na urefu) ya kabla ya mimba, ikaja 27, akaonyeshwa mstari wake kwenye grafu kwamba yeye mpaka mwisho anatakiwa aongeze paundi 15 mpaka 25, yaani kilo 7 mpaka 11 na nusu hivi. Hizo namba sio za kubuni, ni mwongozo wa Institute of Medicine wa mwaka 2009 ambao ndo unatumika Marekani nzima: mwenye BMI chini ya 18.5 aongeze paundi 28 mpaka 40, wa 18.5 mpaka 24.9 aongeze 25 mpaka 35, wa 25 mpaka 29.9 ndo hao kina wifi, na kuanzia 30 kwenda juu ni 11 mpaka 20. Mama akishajua mstari wake haendi kwenye mizani kwa hofu, anaenda kuangalia amefika wapi.

Na wanaeleza uzito unakwenda wapi. Promotora, yule mhudumu wa afya wa jamii ambae mwenyewe ni mama wa Kimeksiko, alipanga mifuko ya mchele na maharage mezani, huu mtoto paundi 7 au 8, hii damu iliyoongezeka 3 mpaka 4, hili kondo la nyuma moja na nusu, haya maji ya mtoto 2, haya ni mafuta mwili unayoweka akiba kwa ajili ya kunyonyesha. Kuna dada alikuwa ameshaanza kujichukia kabisa, alipoona ile meza akasema kumbe mimi sijanenepa, nimebeba. Nilimuelewa sana.

Sasa chakula, hapa ndo wamewazidi wengine wote niliowahi kuwaona. Hawakuletei karatasi ya saladi na samaki wa bei mbaya. Wanaanzia kwenye kile ambacho tayari kipo jikoni kwa Mlatino: tortilla ya mahindi, maharage, nopales (dungusi kakati linalopikwa kama mboga), parachichi, mchuzi wa kuku wenye mboga. Miezi mitatu ya kwanza hakuna haja ya kuongeza kalori, ya kati ni kama 340 kwa siku na ya mwisho kama 450, na hizo 340 waliziweka kwenye sahani ukaziona kwa macho: tortilla mbili ndogo za mahindi, maharage nusu kikombe, na glasi ya maziwa yaliyopunguzwa mafuta. Ndo hiyo tu! Watu walishtuka maana mama mkwe nyumbani anasema kula, mko wawili, anakujazia sahani ya pili na ukikataa anaona umemdharau yeye na mjukuu wake. Tortilla ndogo ya mahindi ina kama kalori 50 au 60 wakati ile kubwa ya ngano ya burito inaweza kupita 200, kwa hiyo hukatazwi tortilla, unachagua ipi na ngapi. Maharage yaleyale yakichemshwa na kitunguu ni chakula kizuri mno, yakikaangwa na mafuta ya nguruwe hesabu inabadilika.

Waliposisitiza zaidi ni vinywaji. Chupa ya soda ya aunsi 20 ina kama kalori 240, na horchata (kinywaji cha mchele) na agua fresca (maji ya matunda) za dukani nazo zimejaa sukari ingawa watu wanazichukulia kama za kienyeji na salama. Wifi alikuwa hali sana lakini alikuwa anakunywa, na hakuna aliyewahi kumuuliza anakunywa nini. Hilo lina uzito kwa hawa akina mama kwa sababu kisukari cha mimba kinawapata Walatina zaidi ya wanawake weupe, na kipimo chake cha kunywa glukosi kinafanywa wiki ya 24 mpaka 28, kwa hiyo wao wanaanza kuliongelea mapema kabla hujafika huko. Pia walikumbusha folic asidi, ile vitamini ya wajawazito, maana watoto wa Walatina wanapata zaidi matatizo ya uti wa mgongo na ubongo kutofunga vizuri, na unga wa masa, ule wa mahindi wa tortilla, ulikuja kuruhusiwa kuongezewa folic asidi mwaka 2016 tu, wakati unga wa ngano unawekewa tangu 1998, basi angalia pakiti, isipoandikwa usidhani imo. Na queso fresco, ile jibini yao laini nyeupe, hakikisha imeandikwa kwamba maziwa yake yamepasteraizwa, ile ya kuuziwa mkononi acha kabisa kwa sababu ya bakteria wa listeria.

Kitu kingine nilichokipenda, hawawaongelei wanaozidisha peke yao. Kulikuwa na dada wa Honduras anafanya kazi jikoni kwenye mgahawa, anapika siku nzima na yeye mwenyewe anakula mara moja, uzito wake ukawa unakaa palepale wiki baada ya wiki. Kwingine angepongezwa kwamba yuko slimu. Mkunga alimwambia wazi kwamba kutoongeza vya kutosha kunaweza kuleta mtoto mdogo sana au kuzaliwa kabla ya wakati, halafu hakuishia hapo, alimuuliza nyumbani kuna chakula? Yule dada akanyamaza. Palepale promotora akampeleka dirisha la WIC (mpango wa serikali wa chakula kwa wajawazito na watoto wadogo) ambalo lipo jengo hilohilo. Alikuwa anaogopa kwa sababu ya makaratasi ya uhamiaji, akaelezwa kwamba WIC hawadai uraia, wanaangalia kipato, unaishi wapi na kama ni mjamzito au una mtoto mdogo, akatoka na kadi ya maziwa, mayai, maharage, matunda na mboga, hata tortilla za mahindi zimo tangu walipobadilisha orodha mwaka 2009. Mjamzito anapikia watu mia halafu yeye ana njaa, mi hii iliniumiza na bado inaniuma.

Mazoezi, wanafuata yale ya dakika 150 kwa wiki, na kwa joto la Houston wanashauri utembee ndani ya mall asubuhi. Mwisho wa kikao wanaweka muziki wa cumbia watu wanacheza na matumbo yao. Raha sana.

Haya, ile nyota niliyoikata.

Kwanza muda. Vikao ni asubuhi katikati ya wiki, na hawa akina mama wengi wanasafisha nyumba, hoteli, wako majikoni, ukikosa siku hulipwi na pengine kazi unaipoteza. Kuna waliopotea kwenye kikundi na sio kwamba walichoka, bosi kagoma. Waweke kikao cha jioni au Jumamosi. Pili lugha, kila kitu ni Kihispania na wanadhani wamemaliza, lakini Houston ina Wamaya wengi wa Guatemala ambao lugha yao ni K'iche', na tulikuwa na mmoja anaitikia tu sí sí huku naona kabisa haelewi. Mi najua kukaa kwenye chumba ambacho lugha inakupita. Mkalimani wa simu anapatikana, mpigieni.

Tatu na hili ndo kubwa, baada ya kujifungua kikundi kinakutana mara moja mnaonyeshana watoto halafu basi. Wakati mama ambae uzito haukushuka anaingia mimba inayofuata akiwa juu zaidi, na ndo anahitaji wale wenzie na ile grafu. Kwa walioko kwenye CHIP Perinatal, ambayo Texas inalipia kliniki za ujauzito kwa mama ambae Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo) haimchukui kwa sababu ya kipato au makaratasi, bima inalipa miadi miwili tu ya baada ya kuzaa, kwa hiyo naelewa hela inatoka wapi na inaishia wapi, lakini kituo kingeweza kumwachia promotora chumba mara moja kwa mwezi, hata bila daktari.

Wifi alijifungua salama akiwa ndani ya mstari wake, na sasa yeye na wale wenzie wanakutana wenyewe bustanini na vigari vya watoto. Ukitaka kuingia, uliza mapema kabisa ukiwa bado una mimba changa, maana kikundi kikishaanza hawaongezi watu, na ukienda mchukue mama mkwe ndo awe msindikizaji wako, akisikia mwenyewe ile habari ya kalori 340 kutoka kwa mkunga atakuachia sahani yako.