Kadi ya rangi iliyorudisha zambarau ya sare: uzoefu wangu Mtwara

"Mwanangu, hii siyo sare yetu."

Aliyeniambia hivyo ni mama wa bibi harusi mmoja hapa Mtwara, albamu ikiwa mapajani mwake. Sare ya siku ile ilikuwa kitenge cha zambarau iliyokolea. Kwenye picha zangu akina mama wote walionekana wamevaa bluu, tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Nilijua anasema kweli, kwa sababu nilikuwepo na macho yangu yaliona zambarau. Iliniuma sana. Watu wamechangishana miezi, wamekimbizana na mafundi cherehani, halafu kumbukumbu itakayobaki inasema walivaa rangi nyingine.

Nilianza kwa kuisukuma bluu kuelekea zambarau kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha. Sare ikakaribia kuwa sawa, lakini anga na bahari ya Shangani nyuma yao navyo vikageuka zambarau. Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za profaili za kamera, na baadaye nikaagiza kadi ya rangi, ColorChecker Passport Photo 2 ya kampuni ya Calibrite, kutoka Dar. Ililetwa na basi.

Kwanza nieleze tatizo lenyewe, maana wapiga picha wengi tunalaumu skrini au maabara ya kuchapisha. Kamera huona kwa vichujio vyekundu, kijani na bluu, lakini vichujio hivyo havigawi mwanga sawasawa na jicho la mtu. Zambarau za vitambaa ni miongoni mwa rangi zinazoteseka zaidi: jicho linaona zambarau, kamera inaandika kitu kilicho karibu na bluu. Programu ya kuhariri inapofungua faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaipika, hutumia profaili, yaani jedwali la tafsiri linalosema "kamera hii ikiandika hivi, rangi halisi ni hii." Jedwali linalokuja na programu limetengenezwa kwa ajili ya modeli nzima, si kwa kamera yako wewe, na mara nyingi limepambwa ili picha zipendeze. Kadi hii inakuwezesha kutengeneza jedwali la kamera yako.

Ukifungua kasha lake, ambalo linaenea mfukoni, unakuta kadi yenye vipande 24 vya rangi. Mpangilio huo una umri mkubwa, ulitoka mwaka 1976. Kipande cha kwanza juu kushoto ni rangi ya ngozi nyeusi. Nilikiweka karibu na mkono wangu nikakiangalia kwa muda: kwetu huku ni chepesi kidogo, wengi wetu tumekolea kuliko pale. Hata hivyo nilifurahi kukikuta. Mstari wa chini kabisa ni vipande sita, kuanzia nyeupe, kupitia kijivu, mpaka nyeusi. Ndani yake pia kuna kibao cha kijivu kwa ajili ya kuionyesha kamera nyeupe ni ipi kwenye mwanga ule.

Kazi yenyewe si ngumu. Nilitoka nje saa nne asubuhi, nikaisimamisha kadi juani na kupiga kwa RAW. Mambo mawili yalinisumbua. La kwanza ni mng'ao: ukiielekeza kadi vibaya, jua linarudi kwenye lenzi na vipande vya giza vinapauka. Niliigeuza kidogo kidogo mpaka kile cheusi kikawa cheusi kweli. La pili ni kipimo cha mwanga, kwani kipande cheupe kikiungua profaili haitatoka vizuri. Kwa JPEG usijisumbue, kule rangi zimeshapikwa ndani ya kamera.

Baada ya hapo niligeuza faili kuwa DNG, aina ya RAW ya Adobe, kwa programu yao ya bure, nikaliingiza kwenye programu ya ColorChecker Camera Calibration, ambayo nayo haiuzwi. Ilivitambua vipande 24 yenyewe, nikaipa profaili jina, na nilipofungua Lightroom upya nikaikuta kwenye orodha. Unaweza pia kupiga kadi mara mbili, juani na chini ya balbu za zamani za manjano, programu ikaunganisha profaili moja inayofaa kwa mianga yote miwili. Mimi natumia hiyo.

Sasa lililonifurahisha kuliko yote. Profaili inafanya kazi hata kwa picha za zamani za kamera ileile, mradi ulihifadhi RAW. Zile za sherehe nilikuwa nazo. Nilifungua moja, nikabadilisha profaili tu, na sare ikahama kutoka bluu kwenda zambarau huku bahari ikibaki bahari. Kwenye mikunjo yenye kivuli ulibaki ubluu kidogo, siwezi kuficha. Nilichapisha picha upya kwa gharama yangu nikampelekea mama. Hakusema kitu kwanza. Aliingia ndani, akatoka na kile kitenge, akakitandaza kando ya picha, akavitazama kimoja baada ya kingine. "Sasa hii ndiyo yetu," akasema.

Jaribio langu la pili lilikuwa vinyago. Kuna fundi mmoja mzee wa Kimakonde ambaye mimi humpigia picha za kazi zake ili azitume kwa wateja walio mbali. Wateja hao wana hofu moja: mbao za kawaida zilizopakwa kiwi cha viatu zikauzwa kama mpingo. Mti uliopakwa huwa mweusi wa namna moja kila upande. Moyo wa mpingo wa kweli, ukiutazama juani, una michirizi ya kahawia yenye uzambarau, na pembeni kuna ule ubao wa nje wa rangi ya krimu. Kwa profaili ya kawaida michirizi ilitoka nyekundu kama kutu. Kwa profaili yangu, baada ya kupandisha vivuli kidogo, kinyago chake cha ujamaa, kile cha watu waliobebana, kilionekana kama kilivyokuwa mkononi mwake, mpaka mstari mwembamba wa krimu aliouacha chini ya miguu ya watu wale. Alinirudishia simu akaniambia, "Mjukuu wangu, hapa sihitaji kumwapia mtu."

Siku hiyo tulikuwa chini ya mwembe, na majani humwaga ukijani kwenye kila kitu. Profaili peke yake haiondoi ukijani huo. Ni lazima upige kadi palepale na kuchukua kijivu kutoka kwenye kibao chake. Wengi wanachanganya mambo haya mawili. Profaili inarekebisha jinsi kamera inavyotafsiri rangi, kwa hiyo unaitengeneza mara moja na kuitumia kwa muda mrefu. Kijivu kinarekebisha mwanga wa mahali ulipo, kwa hiyo unakipiga kila unapohama.

Kumbini, zile taa za LED zinazobadilika rangi kila dakika hazina dawa. Kama mwanga wenyewe hauna nyekundu ndani yake, hakuna profaili itakayoizalisha. Pale natumia flashi yangu. Pia pima skrini ya laptopu yako, la sivyo utakuwa unahukumu rangi sahihi kwa kioo kisicho sahihi.

Kwa anayepiga sherehe, vitenge, vinyago au bidhaa yoyote ambayo rangi yake ndiyo bei yake, nashauri ainunue. Bei si ndogo, ila si lazima kila mtu awe na yake, kwa kuwa kadi moja inatengeneza profaili za kamera nyingi. Wenzangu wawili wa hapa mjini wameshapiga yangu kwa kamera zao, tukatengenezea profaili zao kwenye laptopu yangu. Ninachowaomba ni kwamba irudi ikiwa ndani ya kasha, isiachwe juani bure maana rangi huchujuka, na kidole kisiguse vipande.